Zilipendwa na Nani?

Neno "zilipendwa" ni neno tamu, na lina upungufu mmoja wa kisarufi: halina mtenda. Zilipendwa, basi. Kiswahili kinaruhusu kauli ya kutendwa isimame peke yake, kama isemwapo kuwa mlango umefungwa au ng'ombe ameibwa. Lakini msikilizaji mwenye busara hakosi kuuliza, na nani? Mwenye ng'ombe ndiye wa kwanza kuuliza. Nyimbo za dansi zilizopigwa Tanganyika, na baadaye Tanzania, tangu miaka ya 1950 hadi ya 1980 zimebandikwa jina hili kwa muda mrefu sasa. Zimepewa vipindi vya redio, usiku maalumu katika kumbi, na kanda za kuuzwa vichochoroni. Katika muda wote huo swali hilo dogo halijaulizwa kwa dhati.

Mahali pa swali hilo pamekaliwa na chemsha-bongo. Wakutanapo mashabiki wawili wa zilipendwa hayakosi mashindano. Nani alipiga gita la solo katika wimbo fulani? Bendi fulani ilivunjika mwaka gani? Kabla ya kuitwa hivi ilikuwa ikiitwaje? Anayejibu upesi huhesabiwa bingwa, na asiyejua huambiwa kuwa enzi zile hakuwapo. Majibu yenyewe si siri. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadili jina nayo ilibadili, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, mpaka ikabaki na jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Mbaraka Mwinshehe alikwenda na Morogoro Jazz kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani, mwaka 1970. Mwaka 1973 akatoka kuunda Super Volcano. Na Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walitoka Jamhuri Jazz, wakapita Arusha, wakavuka mpaka kwenda Kenya na kuanzisha Simba Wanyika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mlimani Park ilianza mwaka 1978, na mtindo wake ni Sikinde. Yote hayo ni kweli, na mtu anaweza kuyajua yote pasi na kuwahi kuusikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho.

Hapo ndipo penye ugomvi. Kuna kumbukumbu ya dau na kuna kumbukumbu ya deni. Kumbukumbu ya dau huhifadhi jambo ili mwenye nalo amshinde mwenziwe barazani. Jambo lolote linafaa, maadamu ni gumu na wachache wanalijua. Kumbukumbu ya deni huhifadhi jambo kwa kuwa kuna mtu anayestahili kulipwa, kutajwa, au japo kuombewa rehema kwa ajili yake. Mbili hizi zinaweza kubeba habari ile ile, mwaka ule ule na jina lile lile, lakini hazifanani hata kidogo. Msiba wa zilipendwa ni kwamba dau limejaa tele na deni halina msemaji.

Ili kuuona msiba huo vizuri inafaa kutoka Dar es Salaam, ambako masimulizi yote ya zilipendwa huanzia na kuishia, na kwenda mahali ambapo bendi haikuwa na maskani. Kansay ni kata ya wilaya ya Karatu, mkoani Arusha, katika nyanda za juu zilizo upande wa kusini wa Ngorongoro. Watalii wanaokwenda kutazama wanyama bondeni hupita Karatu mjini, ila jina la Kansay halimo katika ratiba zao. Wakazi wake wengi ni Wairaqw, wakulima na wafugaji, na mpaka katikati ya miaka ya 1990 eneo lote hilo lilikuwa ndani ya wilaya ya Mbulu. Lugha yao ya nyumbani, Kiiraqw, si ya Kibantu. Ni ya Kikushi, jamaa wa mbali wa Kisomali na Kioromo. Kwa hiyo mtoto wa Kansay hakukinyonya Kiswahili pamoja na maziwa ya mama. Alikikuta njiani.

Katika orodha za mabingwa Kansay haimo, wala haitarajiwi kuwamo. Hapana bendi iliyobeba jina lake, hapana mtindo uliozaliwa huko, hapana mpiga saksafoni wa kukisiwa. Hata Arusha yenyewe huingia katika chemsha-bongo kama kituo cha basi tu: mahali ambapo ndugu wa Kinyonga waliteremka, wakaunda Arusha Jazz, wakapanda tena. Kwa hesabu hiyo nchi ya bendi ni mstari mwembamba wa miji: Dar es Salaam, Morogoro, Tanga, Tabora, na baada ya hapo ni giza.

Lakini giza hilo lilikuwa na masikio. Idhaa iliyoanza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na kuitwa Redio Tanzania Dar es Salaam tangu mwaka 1965, ilisikika mashambani kwa masafa ya kati na mafupi. Redio ya betri haikuhitaji nguzo za umeme, na betri zikichoka zilianikwa juani ziongeze siku mbili tatu. Kwa njia hiyo wimbo wa dansi uliifikia nchi ambayo wapigaji wake hawakuikanyaga. Nao ulifika umevuliwa kila kitu. Haukuja na ukumbi, wala kiingilio, wala bia, wala suruali za bugaluu, wala viatu vya raizoni, wala ushindani wa mashabiki wa Msondo na wa Sikinde. Zilifika sauti na magitaa, na ndani ya sauti yalikuwamo maneno. Mambo ambayo chemsha-bongo huyahesabu kuwa ndiyo muziki wenyewe ndiyo hasa yaliyobaki nyuma, Dar es Salaam. Kilichopanda nyanda za juu ni utungo.

Na utungo huo ulikuwa na kazi kubwa kuliko kuburudisha. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 Kiswahili kilishika shule ya msingi yote. Mwaka 1977 elimu hiyo ikafanywa ya kila mtoto. Na katikati yake zikaja kampeni za kuwafundisha watu wazima kusoma. Kiswahili cha darasani kilifundisha kuhesabu, kutii, na kuandika barua yenye anwani pembeni. Kiswahili cha mkutano wa hadhara kilifundisha kupiga makofi mahali panapostahili. Ni kipi kilichofundisha kununa? Ni kipi kilichofundisha kubembeleza, kumsuta jirani bila ya kumtaja, kumwomba radhi mke aliyekwisha kufunga mizigo, kumlilia mzazi aliyekufa mtoto akiwa safarini? Mambo hayo hayamo katika kitabu cha darasa la nne wala katika risala ya mgeni rasmi. Yamo katika nyimbo. Mtu wa pwani aliyezaliwa ndani ya lugha haoni ajabu yake, kwa sababu alifundishwa hayo na bibi yake. Yule ambaye lugha yenyewe ni ya kujifunza aliyapata kwa fundi wa gita.

Wala asidhani mtu kuwa wasikilizaji hao walikuwa mikono mitupu katika sanaa ya maneno, wakingoja kufunguliwa macho na redio. Wairaqw wanayo slufay, utungo mrefu wa dua na baraka unaotolewa hadharani na mzee mwenye ufasaha, na waliohudhuria humwitikia kipande baada ya kipande. Utungo huo haukamiliki bila ya kuitikiwa. Msemaji asiye na waitikiaji amekaa akizungumza peke yake. Watu waliolelewa katika adabu kama hiyo hawangeweza kuusikiliza wimbo kama mapambo ya jioni. Kwao, mtu anayetoa maneno anadai jibu. Ndiyo maana swali la mtenda lina uzito. Zilipendwa na nani? Zilipendwa na wao pia, na penzi lao lilikuwa la maneno, kwa kuwa hawakupewa kingine cha kupenda.

Mwenye kuufahamu wimbo wa dansi anajua kwamba una sehemu mbili. Kwanza huja mwendo wa taratibu, ambapo mwimbaji anaeleza mkasa na wenzake wanamwitikia. Kisha huja chemko, ambapo magitaa na tarumbeta hupamba moto na miguu huchukua nafasi ya masikio. Ukumbini watu husubiri chemko. Penye redio watu husubiri mkasa uishe. Karibu maswali yote ya mabingwa ni ya chemko. Nani alipuliza, nani alicharaza, nani aligonga tumba. Ya mkasa hayaulizwi. Ni nani aliyetunga habari ya "Zuwena" si fumbo, kwani Marijani Rajabu, aliyefariki mwaka 1995, anajulikana. Lakini mtu akiuliza jinsi mtunzi yule alivyomjenga msimulizi wake, ni wapi alipoficha lawama na ni wapi alipoiachia, baraza zima hunyamaza. "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe inatajwa kila penye orodha. Lililoufanya wimbo ulioitwa shida uwe faraja ya wenye shida halimo katika orodha hiyo. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, mwaka 1947, akafariki Dar es Salaam mwaka 2010, na Kiswahili chake cha kwanza hakikuwa cha Unguja wala cha Mrima. Hata hivyo mtu huyo aliimba habari za kifo na za umaskini kwa namna iliyowagusa watu ambao wasomi wa lugha hawakuwagusa. Alifanyaje? Kwa mabingwa inatosha kujua kuwa bendi yake iliitwa Super Matimila.

Kuna jambo jingine la kusikitisha zaidi. Bendi karibu zote za enzi zile zilirekodi katika studio ya Redio Tanzania, na maneno ya wimbo yalipitiwa na wahusika kabla ya wimbo kurekodiwa. Maana yake ni kwamba tungo hizi, zinazodhaniwa kuwa ni za mdomo tu, ziliwahi kuwekwa mbele ya watu zisomwe na zihukumiwe. Yaani dola iliyachukulia maneno hayo kuwa ni kitu kizito hata kabla ya mshairi yeyote kufanya hivyo. Katika maelfu ya maswali yaliyokwisha kuulizwa juu ya zilipendwa, ni bingwa gani aliyewahi kuuliza habari za karatasi hizo?

Lawama haziishii kwa mabingwa. Sehemu yake kubwa, na iliyo chungu, ni ya wapenzi wa ushairi wenyewe, wale wa visiwani na wa mwambao, wanaojua kuutambua mshororo uliochechemea hata wakiwa usingizini. Hao wamezoea kusema kwamba dansi ni muziki wa ulevi, kwamba maneno yake hayana mizani, kwamba vina vyake ni vya kubahatisha, na kwamba Kiswahili chake ni cha bara. Kauli hizo zina ukweli wa juu juu. Mizani ya wimbo wa dansi haihesabiki kama ya tarbia, kwa kuwa inafuata gita na haifuati kituo. Lakini ukweli wa juu juu ndio unaoziba macho.

Wapenzi hao hao wanaiheshimu taarabu, na wana haki. Wanakumbuka kwamba Nadi Ikhwan Safaa ni ya mwaka 1905, na kwamba Siti binti Saad alisafiri kwenda Bombay mwaka 1928 na sauti yake ikatiwa katika santuri. Lakini je, wanakumbuka Siti alikuwa nani kabla ya hapo? Alikuwa binti wa Fumba, mfinyanzi na mchuuzi wa vyungu, mwanamke wa shamba ambaye watu wa mjini walimkejeli kabla ya kumshangilia. Na Shaaban Robert alipotaka kumhifadhi hakuandaa mashindano ya majina ya santuri zake. Aliandika wasifu wake, akaueleza utu wake na thamani ya kazi yake, kwa nathari ambayo bado inasomwa. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya deni. Alilipa kwa niaba ya wote waliostarehe kwa sauti ile. Baada ya yeye, dansi lilipata mashabiki maelfu na halikupata Shaaban Robert wake.

Fursa haikukosekana. Katika miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipotoa "Kichomi" mwaka 1974 na wengine wakafuata, palizuka mzozo mkubwa baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko. Upande mmoja ulisema kuwa bila ya vina na mizani hapana shairi. Upande wa pili ulisema kuwa roho ya shairi haimo katika hesabu. Karatasi nyingi zilitumika. Na wakati wote huo, nje ya dirisha, wapiga magitaa walikuwa wakitunga kila wiki tungo zisizofuata arudhi ya zamani, zenye kibwagizo, mafumbo na mkasa, kwa hadhira ambayo hapana diwani iliyowahi kuipata. Ushahidi uliotakiwa na pande zote mbili ulikuwa ukipigwa redioni, bure, baada ya taarifa ya habari. Wanamapokeo hawakuutaka kwa sababu ulitoka kwenye vilabu. Wanamabadiliko hawakuutaka kwa sababu haukutoka chuo kikuu. Wasikilizaji wa Kansay, ambao hawakujua kuwa kuna mzozo, waliusikiliza.

Atatokea wa kusema kwamba mabingwa wa chemsha-bongo wanaonewa. Bila ya wao, atasema, hata hayo majina na miaka yangepotea. Ni wao waliotunza kanda zilizolika, ni wao waliomtambua mzee aliyekuwa akipita barabarani bila ya kujulikana kwamba ndiye aliyekuwa nyota wa jana. Hoja hii ina nguvu, na haki yake lazima itolewe. Kutaja jina ni mwanzo wa kulipa. Lakini ni mwanzo tu, na mwanzo uliorudiwa kwa miaka thelathini bila ya hatua ya pili umegeuka kuwa njia ya kukwepa. Mdaiwa anayemtaja mdai wake kila siku kwa sifa, ilhali hatii mkono mfukoni, hajapunguza hata senti moja ya deni.

Na deni hili si la maneno matupu. Mfano wake unajulikana duniani kote. Wimbo wa "Malaika" ulirekodiwa na Fadhili William wa Kenya, ukaenezwa na Miriam Makeba, ukarekodiwa na Boney M mwaka 1981, na umepigwa katika harusi na hoteli za mabara yote. Ni nani aliyeutunga? Fadhili William alisema ni yeye. Jina la Adam Salim nalo likatajwa. Na ubishi haujakwisha. Hapa swali la nani halina tofauti ya umbo na maswali ya chemsha-bongo, lakini tofauti ya uzito ni ya mbingu na ardhi, kwa sababu jibu lake ni mkate wa mtu na wa watoto wake. Jambo dogo hupata ukubwa pale linapoamua haki ya mtu.

Kwa upande wa Tanzania Bara, sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya mtunzi kwa uhai wake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hesabu hiyo ni rahisi, na inatisha. Salum Abdallah, kiongozi wa Cuban Marimba ya Morogoro, alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Miaka 50 ilitimia mwaka 2015. Mlango ulifungwa, na mabingwa waliokuwa wakishindana juu ya historia ya bendi yake hawakusikia ukigongwa. Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979. Miaka yake 50 inatimia 2029. Wa Marijani Rajabu ni mwaka 2045. Tarehe ya kifo, ambayo katika mashindano ni pointi moja, katika sheria ndiyo tarehe ambayo deni linaanza kuhesabiwa siku zake za mwisho. Zawadi hutolewa kwa anayeitamka, na warithi hawaambiwi maana yake.

Ugumu wa kulipa nao unatokana na jinsi bendi zilivyoundwa. Nyingi zilikuwa mali ya vyama, majeshi na mashirika ya umma. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama tawala, Mlimani Park ikaja kuwa ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki alilipwa mshahara kama karani, na gita alilolipiga halikuwa lake. Mpango huo uliwapa wanamuziki kipato cha uhakika na haufai kubezwa, lakini uliacha fumbo: wimbo uliotangazwa kwa jina la bendi uliandikwa na nani? Nani alileta mkasa, nani alitia vina, nani alitafuta kibwagizo? Hapa, na hapa hasa, ndipo elimu ya mabingwa inapohitajika. Wapo miongoni mwao wanaojua kuwa maneno ya wimbo fulani ni ya yule mwitikiaji wa nyuma ambaye hakutajwa. Ujuzi huo ukiachwa barazani ni dau. Ukiandikwa, ukatiwa saini na ukawekwa mahali pa umma, ni ushahidi.

Wageni wameanza kazi hiyo kabla ya wenyeji. Kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa ilianza katika miaka ya 2000 kutoa mfululizo uitwao Zanzibara, na ndani yake mna juzuu nzima ya dansi la Tanzania la miaka ya 1960. Hiyo si aibu ya Wafaransa. Aibu ni ya mwenye nyumba anayesubiri mgeni amwambie vyombo vyake vina thamani gani.

Basi kinachotakiwa kinaweza kusemwa kwa maneno machache. Kwanza, ipatikane diwani ya maneno ya dansi: tungo zenyewe kamili, zikiwa zimepangwa, zimefafanuliwa na kuhakikiwa kwa ukali ule ule unaotumika kwa tenzi, pamoja na jina la mtunzi wa maneno kila linapoweza kuthibitishwa, na ridhaa ya warithi. Kazi hiyo ni ya wapenzi wa ushairi. Hapana anayeiweza zaidi yao, na kwa hivyo hapana mwenye lawama zaidi yao isipofanywa. Visiwani alikuwapo Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyeandika mashairi ya kusomwa na mashairi ya kuimbwa taarabuni, na hakuna aliyemwambia kuwa ya pili si ushairi. Mlango aliopitia yeye ni mpana wa kutosha kumpitisha na mwenye gita.

Pili, pakusanywe ushahidi wa wasikilizaji. Masimulizi ya wapigaji yameanza kukusanywa, japo kwa uchache. Ya wasikilizaji wa vijijini hayajapewa hata kijitabu katika rafu za zilipendwa, na wao ndio nusu ya pili ya sanaa yenyewe, kama waitikiaji walivyo nusu ya slufay. Waulizwe wazee wa Kansay, na wa kata nyingine mia zilizo kama Kansay, waliusikia wimbo gani, waliuelewaje, ni neno gani la Kiswahili walilipata humo kwanza, na walilitumia wapi. Majibu yao yatakuwa na makosa ya majina na ya miaka. Yatataja bendi isiyo yake. Bingwa wa chemsha-bongo atacheka. Acha acheke. Anayekosea jina la mpiga solo na kukumbuka neno lililomliwaza alipofiwa amehifadhi kitu ambacho orodha haikihifadhi.

Tatu, wenye vipindi na wenye kumbi wapewe shinikizo waongeze swali moja tu katika mashindano yao: wimbo huu unasema nini? Swali hilo halina jibu la neno moja, na ndiyo faida yake.

Wapo watakaosema kuwa huku ni kuitia furaha darasani, na kwamba muziki wa dansi uliumbwa uchezwe, haukuumbwa uchambuliwe. Lakini kucheza hakukatazwi na mtu. Anayeujua mkasa ndiye anayejua chemko linashangilia nini au linaficha nini. Na miguu inayojua inachezea nini haipungukiwi na kitu. Waliopungukiwa ni wale waliouza sehemu ya kwanza ya wimbo ili wabaki na ya pili, kisha wakaiita hiyo ya pili jumla ya mapenzi yao.

Na ije siku bingwa wa mjini, mwenye fulana na kikombe cha ushindi, afike Kansay na kukaa na mzee wa huko chini ya mti. Bingwa atauliza kwanza, kama ilivyo desturi yake: nani alipiga solo katika wimbo ule? Mzee atakiri kwamba hajui. Atauliza tena, bendi ilivunjika mwaka gani? Mzee hatajua. Kisha itakuwa zamu ya mzee, naye atauliza la kwake, kwa Kiswahili alichokipata redioni: yule mwanamke katika wimbo, mwisho wake, alisamehe au hakusamehe? Na bingwa, ambaye kwa miaka yote amekuwa akingoja chemko, itambidi aombe wimbo upigwe tena tangu mwanzo.